Kenya Hatuna Spring, Tuna Chemchemi. Na Tunaiuza.

Hii posti itanikosesha kazi mbili tatu, lakini wacha niiandike kabla sijabadilisha mawazo.

Mwezi wa nne nilialikwa kwa matembezi. Bango lilikuwa na herufi za dhahabu: "Spring Nature Hike". Mahali: kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Bei: shilingi 3,500 kwa kila kichwa. Ndani ya hiyo pesa unapata usafiri, chupa moja ya maji, chakula cha mchana, mpiga picha, droni, na spika ya muziki ya kurudi nayo kwa gari. Mimi sikulipa. Niliitwa nije nipige video, niposti, ili nafasi za mwezi unaofuata zijae. Kumbukeni hiyo kitu juu nitairudia. Sikuwa mteja pale. Nilikuwa chambo.

Tuanze na neno lenyewe. Spring gani, bana? Kenya tuna masika, ile mvua ya Machi mpaka Mei. Tuna baridi ya Julai ya kulala na soksi. Tuna vuli, halafu tuna jua. Spring ni ya watu ambao wameona theluji ikiyeyuka. Aliyeandika lile bango anajua hivyo vizuri, amezaliwa hapa hapa. Alichagua hilo neno kwa sababu "Matembezi ya Masika Kinamasini" hakuna mtu atalipia 3,500. Kwa akili yetu kinamasi ni mbu, harufu na viatu kuharibika. Spring ni ngozi laini na juisi ya ndimu kwa glasi ndefu.

Kichekesho ni kwamba kwa Kiingereza hilo neno pia ni chemchemi. Na hiyo tunayo. Kikuyu Springs imekuwa ikileta maji Nairobi tangu enzi za mkoloni, kabla ya Sasumua, kabla ya Ndakaini. Na Ondiri, upande huo huo wa Kikuyu, ndipo Mto Nairobi unapoanzia. Ndiyo, ule ule. Ule unaufungia dirisha la mat ukipita Globe. Ule unapita nyuma ya Gikomba ukiwa mweusi kama oili chafu. Unaanzia kwa majani ya kijani, kama kilomita ishirini kutoka tao, maji yakitoka chini ya ardhi yenyewe bila kuombwa.

Mimi nimezaliwa Dandora. Huo mto ndio nilikuwa naruka nikienda kwa shosho. Nimeujua miaka ishirini na kitu, na sikuwa nimewahi kujiuliza unatoka wapi.

Sasa turudi kwa matembezi.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa pale pale Kikuyu, gumbuti nyeusi, koti la mvua la zamani, fimbo mkononi. Tulikuwa watu 38. Wengi raba nyeupe, luku imeshikana, mmoja alikuja na kofia ya majani ya ufukweni. Sicheki mtu, mimi mwenyewe nilikuwa na jaketi la kuazima la rangi ya machungwa ili nionekane vizuri kwa droni.

Yule mzee alianza kwa kutusimamisha ukingoni. Akasema, "Vijana wangu, hapa hamtembei vile mnataka. Mnatembea vile nimetembea." Halafu akaruka kidogo kwa miguu miwili. Maze, ardhi ilitikisika. Yaani unaona nyasi za mita kadhaa mbele yako zikicheza kama godoro la maji. Ondiri si uwanja wenye matope. Ni zulia la mimea na mizizi iliyoshikana, na chini yake kuna maji. Mzee akatupigia hadithi za wazee wa zamani, za ng'ombe na mikokoteni iliyozama pale isionekane tena. Ukweli wa hadithi siujui, lakini nikakanyaga alipokanyaga.

Kisha akainama, akachota konzi ya ile takataka nyeusi ya majani yaliyooza miaka na mikaka, akaikamua. Maji yakatiririka. Akakamua tena, yakatoka mengine. Akasema mvua kubwa ikinyesha, hii kitu inameza. Jua likiwaka, inatema polepole. Ndiyo maana mto hauishi Januari na ndiyo maana haupaswi kufurika wote mara moja Aprili. Matete na mafunjo yanashika uchafu kabla haujaenda mbele. Akatuonyesha mahali palipokuwa na mikaratusi, akaeleza vile mti huo unavyofyonza maji, na vile wenyeji wamekuwa wakipanda mianzi kuzunguka kinamasi. Ilikuwa dakika ishirini hivi.

Wacha niwaambie kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kabla niondoke nilifanya somo la mazingira. Kulikuwa na slaidi ya "faida za ardhioevu", nukta saba. Nilizikariri zote, nikapata B. Hatukupelekwa kwa kinamasi hata kimoja. Yule mzee na konzi yake ya matope alinifundisha dakika ishirini kile chuo kilinilipisha muhula mzima.

Juu yetu kulikuwa na mbayuwayu. Mzee akasema wengi wao wanajiandaa kuondoka, wanakaa huku wakati Ulaya kuna baridi, na ikifika Machi na Aprili wanarudi kaskazini kuzaa. Kwa hivyo kama kuna mtu pale alikuwa anaenda kwa spring ya ukweli, ni hao ndege. Wengine wote tulikuwa kwa masika, tumelowa.

Hapo ndipo mambo yakaharibika.

Kulikuwa na korongo wawili wenye taji, wale wa rangi ya kijivu na kofia ya dhahabu, mbali kidogo kwenye nyasi. Ni ndege walio kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wanataga mayai chini, kwenye nyasi za vinamasi kama hiki. Mzee alikuwa ametuambia tunyamaze, anaeleza. Mwandaaji akamkatiza: droni iko tayari, watu wajipange mstari, wapunge mikono. Droni ikapanda na ile kelele yake ya nyuki. Korongo wakaruka, wakaenda. Watu wakapiga makofi kwa sababu kwa video ilionekana poa sana.

Mbele kidogo mzee akatupeleka mahali hapakuwa kwa ratiba. Mtaro mdogo, maji ya kijivu, harufu unaijua, yakiingia kinamasini kutoka upande wa majengo. Akanyoosha fimbo, akasema, "Hii nayo pigeni picha." Mwandaaji akacheka, akasema, "Mzee hiyo tuwache, haikai poa." Akanigeukia mimi: "Geuza kamera upande ule wa mianzi."

Na mimi nikageuza.

Hiyo ndiyo kitu inaniuma. Hakuna mtu alinishika mkono. Niligeuza kamera kama mtoto mzuri, nikapiga mianzi, nikaweka muziki laini, nikaandika "Paradiso dakika arobaini kutoka tao". Laiki zikaingia kama mvua. Nafasi za mwezi uliofuata zikaisha.

Tukiwa tunakula nilienda kumuuliza mzee analipwa ngapi. Akasema elfu moja, siku nzima. Piga hesabu na mimi: watu 38, mimi toa, wabaki 37 wa kulipa, mara 3,500. Ni shilingi 129,500. Mtu pekee aliyejua tunatembea juu ya nini alipata elfu moja. Aliyerusha droni alipata mara nane ya hiyo, niliuliza pia.

Jumapili nikaenda kwa shosho Dandora, nikamwonyesha ile video. Akaiangalia mara mbili na miwani. Akauliza, "Hapa ni wapi, ni Naivasha?" Nikamwambia la, shosho, ni Kikuyu, ni pale huu mto wako unaanzia. Akatulia, halafu akasema, "Kumbe una mwanzo?"

Ameishi kando ya huo mto tangu miaka ya themanini. Mwishoni mwa Aprili 2024, ile mvua iliyoua zaidi ya watu 200 nchi hii, maji yaliingia kwake saa tisa usiku yakafika kitandani. Jirani ndiye alimbeba. Alipoteza godoro, jiko, unga, albamu ya picha ambayo ndani yake kulikuwa na picha ya pekee ya babu. Wiki chache baadaye watu wakaja na rangi nyekundu wakachora alama ya X kwa ukuta. Akaambiwa yuko kwa kingo za mto, ahame. Mwenye makosa akawa yeye.

Hapa ndipo ninataka mnisikize, hata kama mmechoka kusoma.

Maji yaliyoingia kwa shosho hayakuanzia Dandora. Mto ni mmoja. Unatoka Kikuyu, unapita Dagoretti, unashuka Chiromo, Globe, Gikomba, unafika Dandora kando ya jalala, unaingia Athi, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, unamwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kila sponji ukiikausha huko juu na kuweka lami na zege, hayo maji lazima yaende mahali. Yanaenda kwa mtu ambaye hakualikwa kwa ile sherehe. Na kila mtaro ukiufungulia huko juu, kuna mtoto huku chini atauruka akienda shule.

Ukiwa na mabati na huna karatasi, kingo za mto ni mita kadhaa na unapewa siku chache. Ukiwa na hati na mawakili, hizo mita zinajadiliwa. Ndiyo, najua 2018 zilibomolewa jengo kubwa kubwa, Ukay Centre na South End Mall. Tulipiga makofi, tukaposti. Halafu? Nani anapima mitaro inayoingia vinamasini leo? Si sisi, sisi tumegeuza kamera upande wa mianzi.

Kwa hivyo malalamiko yangu si kwamba watu wanatembea Ondiri. Malalamiko yangu ni kwamba wanapelekwa bila kuonyeshwa. Unalipa 3,500 kuona mahali, halafu mtu anakata nje ya picha kitu cha pekee ulichohitaji kuona. Unarudi nyumbani ukijua pako poa. Siku wakipajengea utasema "haki, palikuwa pazuri" na uweke picha ya zamani. Hayo si matembezi, ni tangazo la mahali panapokufa.

Najua majibu yenu, wacha nijibu kabla mnianze.

"Buda, hiyo ni biashara, inaajiri vijana." Ni kweli. Mimi mwenyewe ni biashara, usinione nimeacha kula. Lakini biashara ya kinamasi inahitaji kinamasi. Ukimlipa mwenye kukijua elfu moja na mwenye droni elfu nane, umeshatuambia unauza nini.

"Watu wa mtaa hawana haja na ndege, wana njaa." Hii ndiyo inanichemsha kabisa. Nani aliwauliza? Shosho aliangalia ile video mara mbili. Watoto wa Dandora wanajua ndege kuliko wewe, wanaishi na marabu wa jalalani kila siku. Hawajaonyeshwa tu kwamba mto wao una upande mwingine. Na mwenye kupigwa na mafuriko ndiye ana sababu kubwa zaidi ya kujua sponji inafanyaje kazi. Wewe wa ghorofa ya nane ndiye unaweza kuishi bila kujua.

"Wakienda wote kinamasi kitaharibika." Hiyo ndiyo hoja ya maana kwa zote, naikubali. Ardhi inayotikisika haiwezi kubeba watu 38 na spika. Basi waende kumi kumi, wakae ukingoni, wafuate mwenye gumbuti. Kama shida ni wingi, wa kwanza kupunguzwa wawe sisi tunaoenda kupiga picha.

"Serikali itashughulikia." Ha. Kenya ina maeneo sita kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na delta ya Tana. Ondiri haimo. Na hata walio ndani ya orodha hawajalala usingizi. Karatasi pekee haijawahi kuzuia tingatinga. Muulize aliyekuwa Karura Januari 1999, Wangari Maathai alipopasuliwa kichwa kwa sababu ya kwenda kupanda mti. Leo unakimbia Karura na saa yako ya kuhesabu hatua kwa sababu kuna watu walikwenda pale kwa miguu yao wakakataa kutoka. Kama wangengoja bango la herufi za dhahabu, saa hii Karura ingekuwa na lango, walinzi na majumba.

Sheria iko upande wetu, ila hatuitumii. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini ukiona haki hiyo inavunjwa, na si lazima uthibitishe kwamba wewe au mtu mwingine ameumia. Soma tena. Si lazima ungoje maji yafike kitandani kwa shosho wako. Na kifungu cha 62 kinaweka mito na maziwa kwa ardhi ya umma. Umma ni wewe na deni lako la Fuliza.

Sasa form ni gani?

Moja, ukitaka kwenda, panda mat ya 105 mpaka Kikuyu. Uliza stejini. Tafuta wenyeji wanaotunza kinamasi, mkubaliane bei, mlipe mwongozaji mkononi mwake. Mkiwa kumi na kila mtu atoe 300, mzee anaondoka na 3,000 na nyinyi mmetumia chini ya ile chakula cha mchana ya mwandaaji.

Mbili, ukilipa mtu wa kupanga, muulize swali moja tu: mwongozaji anapata ngapi? Akianza kuzunguka, umepata jibu.

Tatu, wenzangu wa kontenti. Piga mtaro. Piga mianzi pia, sisemi msiipige, ni mizuri. Lakini mtaro uingie. Weka tarehe, weka mahali. Picha ya mtaro yenye tarehe ni ushahidi, picha ya mianzi ni mapambo.

Nne, walimu na wasee wa vikundi vya vijana huku chini, Dandora, Korogocho, Kariobangi: leteni watoto juu. Nimeshaongea na yule mzee kwa simu. Amesema watoto kumi na tano hatachaji, nikamwambia atachaji, nitalipa mimi. Zile pesa nilizopata kwa video zingine mbili za yule mwandaaji, kabla nimwambie sitaki tena, ndizo zitalipa nauli ya kundi la kwanza. Tunaenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mvua au jua.

Ile video ya paradiso sijaifuta. Nilifikiria kuifuta nikaona hiyo ni kujisafisha. Iko pale, na nimebandika juu yake hii posti. Pia nimeweka sekunde kumi na moja nilizokuwa nimezikata, za mzee akinyoosha fimbo kabla nigeuze kamera. Sauti yake inasikika vizuri: "Hii nayo pigeni picha."

Shosho anasema anakuja Jumamosi. Magoti hayako poa, nimemwambia tutakaa ukingoni tu. Ameuliza kama aje na chupa ya kuchota yale maji, aone rangi yake. Nimemwambia aje nayo.

Ukija, kuja na gumbuti. Spika wacha nyumbani.